Mwarubaini na Homa ya Mtoto



Tulipokwenda Rusinga, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichounganishwa na mji wa Mbita, kuwazuru ndugu zetu Waislamu, tuliukuta uani kwa mwenyeji wetu mti tuliokua nao huku pwani: mwarubaini. Bibi wa nyumba alikuwa akichemsha majani yake, na mjukuu wake wa miaka miwili amelala mkekani, akitetemeka kwa homa.

"Bibi, mtoto amepimwa?" tulimwuliza.

"Shekhe, si huu ndio mti wa maradhi arubaini?" akajibu.

Swali hilo huulizwa pia majumbani mwetu. Uchungu wa mwarubaini haukuwekwa bure. Katika mbegu zake mna azadirakitini, kemikali iliyotengwa na wanasayansi mwaka 1968, ambayo humzuia mdudu kula na kujivua gamba akakua. Ndiyo maana icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo chake Mbita, iliwahimiza wakulima wautumie mashambani.

Lakini malaria hukaa damuni, na maji ya majani hayajathibitika kuitibu, wala hayana kipimo kinachojulikana. Mafuta ya mbegu ni hatari zaidi kwa mtoto kuyanywa. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo, wakatapika, wakalemewa na usingizi, na ubongo wao ukadhurika.

Hatusemi haya kwa kuidharau mitishamba. Dawa ya malaria itolewayo hospitalini leo asili yake ni pakanga ya Uchina; Tu Youyou na wenzake waliitenga artemisinini mwaka 1972, naye akatunukiwa Nobel mwaka 2015. Tofauti ni kwamba dawa hiyo imesafishwa, imejaribiwa, na hutolewa kwa uzito wa mtoto.

Bibi aliinuka, akajitanda leso, tukaongozana naye hadi zahanati. Damu ilipopimwa, malaria ikaonekana. Siku ya tatu mtoto alikuwa akifukuza kuku. Majani aliyoyabakisha, bibi aliyafukiza jioni kufukuza mbu.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta dawa, na kutafuta huanza kwa kuujua ugonjwa. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo, kisha tumwombe Mwenyezi Mungu shifaa. Wallahu aalam.