Jumba la Burudani Lenye Mabwawa ya Kuogelea: Mambo ya Kufikiriwa Kabla ya Kujenga

Wenyeji wa mji wakikusanyika ili kushauriana juu ya jumba jipya la burudani, swali la kwanza huwa ni hili: litagharimu fedha kiasi gani? Swali hilo ni la haki, lakini si kubwa kuliko yote. Jumba lenye mabwawa ya kuogelea ndani yake laweza kujengwa kwa mwaka mmoja au miwili, lakini hutunzwa kwa miaka mingi sana. Maji yake hayana budi kuchujwa usiku na mchana, kutiwa dawa na kupashwa moto, na waogeleaji hawana budi kulindwa. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kujenga ndiko kupanda. Kutunza ndiko kushuka.

Yapo majumba mawili ya London ambayo habari zake zaweza kuwafaa watu wanaofikiri jambo hili. Yote mawili yalibuniwa na injinia mmoja, Owen Williams, na yote yalikuwa na bwawa la kuogelea ndani. Lakini makusudi yake yalikuwa mbalimbali.

Jumba la Watazamaji

La kwanza liliitwa Empire Pool, nalo lilijengwa Wembley mwaka 1934 kwa ajili ya Michezo ya Dola ya Uingereza. Bwawa lake lilikuwa na urefu wa futi 200 na upana wa futi 60, na paa la saruji lililofunika futi 236 bila nguzo hata moja katikati. Maelfu ya watazamaji waliweza kukaa humo. Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948, bwawa lilionekana kuwa refu kupita kipimo cha mashindano, hata ikabidi kuwekwa jukwaa la kulipunguza liwe na mita 50. Baada ya michezo hiyo halikutumiwa tena kwa kuogelea. Jumba lenyewe likaendelea kutumika kwa michezo mingine, muziki na maonyesho.

Jumba la Jamaa

La pili lilikuwa katika mtaa wa Peckham, na lilifunguliwa mwaka 1935. Waanzilishi wake walikuwa madaktari wawili, George Scott Williamson na Innes Pearse. Walikuwa wameanza mwaka 1926 katika nyumba ndogo, wakipima afya za watu kabla hawajaugua. Ilipofika mwaka 1929 waliifunga nyumba ile, kwa maana walitambua kwamba kumwambia mtu hali ya mwili wake hakutoshi ikiwa hana mahali pa kuutumia mwili huo pamoja na wenzake.

Basi jumba jipya lilipojengwa, bwawa la kuogelea liliwekwa katikati kabisa, likazungukwa na kuta za vioo. Mama aliyekaa akinywa chai aliweza kumwona mtoto wake akijifunza kuogelea. Na mzee ambaye hakuwahi kuingia majini aliweza kutazama siku nyingi, hata woga ukampungukia. Palikuwa pia na ukumbi wa mazoezi, mahali pa watoto wadogo, na vyumba vya madaktari. Mtu hakuweza kujiandikisha peke yake, ila pamoja na jamaa yake, nao walilipa shilingi moja kwa juma. Jamaa zipatazo 950 zilijiunga.

Vita vilipoanza mwaka 1939 jumba lilifungwa. Lilifunguliwa tena mwaka 1946, lakini halikudumu. Mwaka 1948 Serikali ya Uingereza ilianzisha utumishi wa afya kwa watu wote, na mpango wa Peckham haukupatana na taratibu za utumishi huo. Fedha za kuliendesha zikakosekana, na mwaka 1950 jumba likafungwa kabisa. Baadaye likageuzwa kuwa nyumba za watu za kukaa.

Mafunzo yaliyomo katika habari hizi ni mawili. Wembley yafundisha kwamba bwawa lililojengwa kwa ajili ya sherehe laweza kukosa kazi sherehe zikiisha. Peckham yafundisha jambo gumu zaidi: hata jumba lililopendwa na wenyeji hufungwa likikosa mapato ya hakika ya kila mwaka. Kwa hiyo halmashauri yenye busara huanza kwa kuuliza ni nani watakaoogelea na nani atakayelipa, ndipo iulize habari za saruji na vioo.

Kipimo cha Bwawa

Watu wengi hutaka bwawa la mita 50, kwa sababu ndilo la mashindano makubwa. Lakini mji usio na waogeleaji wengi hufaidika zaidi kwa mabwawa mawili madogo. La kwanza laweza kuwa la mita 25 kwa mita 10. La pili liwe la wanaojifunza, lenye kina kisichozidi kifua cha mtoto. Kuyatenga ni jambo la maana, kwa kuwa watoto wadogo huhitaji maji yenye joto zaidi, na waogeleaji hodari hutaka maji ya baridi kidogo. Tena bwawa moja likifungwa ili lisafishwe, la pili huendelea na kazi.

Bwawa la mita 25 kwa 10, lenye kina cha wastani cha mita 1.4, huchukua lita 350,000 za maji. Hayo ni madebe 17,500 ya lita 20, na uzito wake ni tani 350. Ndiyo maana ardhi hupimwa kwanza. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, huweza kupasua bwawa ambalo msingi wake haukuwekwa vema.

Maji na Hewa

Maji ya bwawa hayamwagwi kila siku. Pampu huyavuta na kuyapitisha katika chujio la mchanga, kisha hutiwa klorini na kurudishwa. Maji yote huzunguka hivyo katika muda wa saa chache. Hata hivyo sehemu yake hubadilishwa. Kanuni inayofuatwa Uingereza ni kuongeza hadi lita 30 za maji mapya kwa kila muogeleaji. Wakija watu 200 kwa siku, hizo ni lita 6,000. Mji ambao mabomba yake hukauka mara kwa mara hauna budi kufikiri habari za tangi kubwa, kisima, au maji ya mvua kutoka kwenye paa, kabla ya kuchimba shimo la bwawa.

Wengi hudhani kwamba harufu kali ya dawa ni dalili ya maji safi. Sivyo. Harufu ile, ambayo huyawasha macho, hutoka hasa wakati klorini inapokutana na jasho na mkojo. Kwa hiyo mabomba ya kuogea mwili kwa sabuni kabla ya kuingia bwawani si anasa. Ni sehemu ya kazi ya kusafisha maji.

Katika bwawa la ndani, hewa ina hatari zake pia. Mvuke wenye chembechembe za dawa hupanda na kula vyuma vya dari. Huko Uster, katika nchi ya Uswisi, jumba la kuogelea lililofunguliwa mwaka 1972 lilikuwa na dari zito la saruji lililoning'inizwa kwa fito za chuma kisichoshika kutu. Chuma hicho kiliaminiwa. Lakini mvuke ulikipasua polepole bila kuonekana, na tarehe 9 Mei 1985 dari likaanguka na kuwaua watu 12. Tangu hapo mafundi wamejua kwamba si kila chuma king'aacho hufaa juu ya bwawa, na kwamba dari halina budi kuwa na njia ya mkaguzi kulifikia na kulitazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na penye bwawa, huenda ukazika watu.

Katika Nchi ya Kenya

Si kila mji unaohitaji bwawa lenye paa. Mombasa joto la jua latosha, na paa lingekuwa gharama ya bure. Lakini Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,800, maji ya bwawa la wazi huwa baridi sana mwezi wa Julai, na watoto wakitetemeka hawawezi kujifunza. Huko kuta na paa huhifadhi joto, na turubai ya kufunika maji usiku hupunguza tena gharama. Majumba ya zamani kama yale ya Pumwani na Kaloleni yalionyesha ya kuwa wenyeji hupenda mahali pa kukutanika penye dansi, mikutano na michezo. Bwawa huongeza faida kwa jumba la namna hiyo, wala halichukui nafasi yake.

Tena faida hiyo si ya starehe tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 29. Katika nchi yenye Ziwa Victoria, mito ya ghafla na mabwawa ya mashamba, mtoto aliyefundishwa kuogelea amepewa kinga ya maisha yake yote. Lakini bwawa lisilo na mlinzi aliyefunzwa kuokoa watu ni hatari kuliko kutokuwa na bwawa. Mshahara wa mlinzi huyo uandikwe katika hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na dawa, umeme na matengenezo.

Halmashauri ikisha kupata majibu ya mambo haya, na ijenge. Ikiona kwamba fedha zatosha kujenga lakini hazitoshi kutunza, ni afadhali ianze na bwawa dogo la kujifunzia na kuacha uwanja wa kuongeza jingine baadaye. Bwawa dogo lenye maji safi na watoto wengi ni heshima ya mji. Bwawa kubwa lililokauka ni shimo tu.