Mitandao Isiyofanana Ilivyopatana

Tarehe 22 Novemba 1977, gari moja likiwa barabarani karibu na San Francisco lilituma data kwa redio. Pakiti zake ziliingia kwenye nyaya za ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani, zikavuka Atlantiki kwa setilaiti hadi Norway na London, kisha zikarudi Marekani na kuishia Los Angeles. Zilipita mitandao mitatu yenye tabia tofauti kabisa: wa redio, ambao hupoteza pakiti gari likipita tu chini ya daraja, wa nyaya, uliotulia, na wa setilaiti, ambako mawimbi hupanda kilomita 36,000 ndipo yashuke. Hapakuwa na fundi wa kuunganisha waya kwa mkono kila mpakani, kama ilivyokuwa kwa simu za zamani.

Mtu angedhani kwamba mitandao hiyo ililazimishwa kufanana. La hasha. Wanasayansi wa kompyuta Vinton Cerf na Robert Kahn, katika andiko lao la Mei 1974, waliuacha kila mtandao na desturi zake za ndani. Walichodai ni bahasha yenye anwani inayosomeka kote, na kompyuta ya lango inayoipokea upande huu na kuikabidhi upande wa pili. Pakiti ikipotea, lango halihangaiki. Aliyetuma ndiye anayetuma tena. Kwa kuwa makubaliano ni machache hivyo, Waifai na intaneti ya simu za mkononi, zilizozaliwa baadaye, ziliingia bila kuomba msingi ubomolewe. Wapo wanaosema mtandao mmoja wa mpangilio mmoja ungekuwa na kasi zaidi. Huenda, ila ungekuwa na mwenyewe mmoja, na kila uvumbuzi ungesubiri ruhusa yake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba ushirikiano usio na msimamizi hutegemea kuaminiana. Ruta, yaani kompyuta za lango, za kampuni mbalimbali huambizana njia kwa itifaki ya BGP, ambayo kwa asili huamini inachoambiwa. Februari 2008, kampuni ya simu ya Pakistan ilikusudia kuizuia YouTube nchini humo tu. Tangazo lake la njia likavuja, ruta za kwingineko zikalipokea, na YouTube ikatoweka sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili. Mashine zilitii kanuni zote, na hapo ndipo penye ubaya. Siku hizi saini za kidijitali husaidia kuthibitisha mwenye anwani ni nani. Yaani dawa imekuwa ukaguzi, wala si kutengana.

Hata hivyo, ruta haiwezi kujipatia njia isiyokuwepo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ruta zinaweza kugeuza njia papo hapo, lakini si kupitisha data kwenye mkongo ambao kampuni haijaulipia. Mashine huchagua kati ya milango iliyo wazi. Kuifungua ni kazi ya mikataba. Kampuni ikikuahidi intaneti isiyokatika, iulize inapita mikongo mingapi.