Nyota akihama, bendi yako itapiga?

WAPO vijana wa mjini wanaodhani biashara inafundishwa chuoni tu. Mimi nawaambia waende dansini. Tena wasigande kaunta na chupa, wasogee karibu na jukwaa waone bendi inavyofanya kazi.

Maana kuna ugonjwa unaoua biashara nyingi za vijana, nao ni kumtegemea mtu mmoja. Mtaani kwetu ilikuwepo saluni iliyojaa kina dada kutwa nzima. Msusi mmoja tu ndiye aliyekuwa na mikono. Siku alipochukuliwa na saluni ya jirani, wateja walibeba pochi zao wakamfuata. Haikupita miezi mitatu, mlangoni kufuli, na mtaji wa mwenyewe umekwenda na maji.

Sasa wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam wameuzoea ugonjwa huo kama mafua. Mchukue marehemu Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA Jazz tangu 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi ambayo baadaye iliitwa JUWATA. Mwaka 1978 akahamia Mlimani Park, wana Sikinde, iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 1985 yeye, Abel Balthazar na wenzao wakang'olewa na tajiri kwenda Orchestra Safari Sound, wana Ndekule. Mwishowe akarudi kwenye bendi ile ile ya wafanyakazi, akastaafu 2013, na mwaka uliofuata akafariki dunia.

Je, JUWATA ilikufa alipoondoka? Haikufa. Sikinde je? Wapi! Iliendelea kujaza watu, na ile Ndekule iliyonunua nyota haikupata umri wa Sikinde.

Siri ni nini? Ya kwanza ni mazoezi. Mtunzi akileta wimbo, unapita mikononi mwa wote: gitaa la solo, rizimu, besi, tarumbeta, mdomo wa bata, tumba, mpaka waitikiaji. Kila mmoja anajua anapoingia yeye na anapoingia mwenzake. Mwimbaji akikacha, sauti yake imeshakaa masikioni mwa wenzake, na jioni yupo wa kuishika. Wewe je? Bei za jumla, namba ya mletaji mzigo na madeni ya wateja, vyote viko kichwani mwa kijana mmoja. Akiumwa malaria, duka nalo limelala kitandani.

Ya pili ni mtindo. Watu walimpenda Gurumo, sawa, lakini mlangoni walilipa kuingia Msondo au Sikinde. Bendi ile ya wafanyakazi ilibadili jina kila chama kilipobadilika: NUTA, JUWATA, OTTU. Msondo ukabaki Msondo. Shabiki alijua atapata nini hata kama kwenye maikrofoni kasimama mgeni. Biashara yako ina nini ambacho mteja atakikuta kile kile, zamu awe nani awe nani?

Ya tatu, anayeondoka usimnunie. Mlipe vizuri angali kwako, na akienda, usipigilie mlango misumari. Gurumo alipotaka kurudi nyumbani alipokelewa, na bendi ikapata tena sauti yake pamoja na yote aliyojifunza kwa majirani.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usingoje tajiri akupime. Jipime mwenyewe wiki hii. Mpe fundi wako bora mapumziko ya siku mbili, kisha kaa pembeni utazame. Mteja akiuliza, "Fulani yupo?" akaambiwa hayupo na bado akaketi kitini, hongera, una bendi. Akigeuza na pochi yake, ujue una mwimbaji tu, na huenda jirani yako ameshaanza kumkonyeza.