Mkanda wa Jimenez na kofia ya Cech: Vinakinga nini hasa?

Timu zikitoka kwenye korido kuingia uwanjani, Raul Jimenez ni rahisi kumtambua. Ndiye mwenye mkanda mnene uliozunguka kichwa. Wapo mashabiki wanaodhani ni mtindo tu. Siyo.

Tarehe 29 Novemba 2020, akiichezea Wolves dhidi ya Arsenal jijini London, mshambuliaji huyo wa Mexico aliruka kugombea mpira wa juu na beki David Luiz. Vichwa viligongana dakika za mwanzo kabisa. Jimenez alianguka na hakuinuka. Fuvu lilikuwa limevunjika, na alifanyiwa upasuaji usiku uleule.

Na Luiz je? Alifungwa bandeji, akaendelea kucheza huku damu ikionekana, kisha akatolewa wakati wa mapumziko. Klabu yake ilisema alifaulu vipimo vya uwanjani. Lakini picha ile iliwakera wengi: wawili wamegongana, mmoja yuko kwenye gari la wagonjwa, mwingine bado anakaba.

Jimenez alirudi kwenye ligi Agosti 2021, akiwa na mkanda wake. Mwezi uliofuata alifunga bao pekee la ushindi dhidi ya Southampton. Mkanda hajauvua.

Kabla yake kulikuwa na Cech

Aliyewazoesha watu kuona kofia kwenye soka ni kipa wa Chelsea, Petr Cech. Oktoba 14, 2006, mechi ya ugenini dhidi ya Reading ikiwa haijatimiza hata dakika moja, goti la Stephen Hunt lilimpiga kichwani. Mfupa wa fuvu ulibonyea kwa ndani. Alifanyiwa upasuaji na kuwekewa bamba za chuma.

Siku hiyo ilikuwa ya balaa kweli. Kipa wa akiba, Carlo Cudicini, naye aligongwa akapoteza fahamu kabla mechi haijaisha, ikabidi nahodha John Terry avae jezi ya kipa.

Cech alirudi Januari 2007 kwenye mechi dhidi ya Liverpool, kichwani akiwa na kofia laini ya aina wanayovaa wachezaji wa raga. Aliivaa hadi alipostaafu mwaka 2019. Yeye ni mmoja wa mapacha watatu, na amewahi kueleza kwamba mifupa ya kichwa chake ilikuwa myembamba kidogo tangu kuzaliwa. Baada ya operesheni, sehemu ile ikawa dhaifu zaidi.

Hapo ndipo penye jibu la kwanza. Kofia ya Cech na mkanda wa Jimenez ni kwa ajili ya mfupa. Sponji yake inasambaza nguvu ya pigo ili isitue sehemu moja, hasa pale palipokwisha kuvunjika na kuunganishwa.

Ubongo ni hadithi nyingine

Ubongo haujafungwa kwa skrubu ndani ya fuvu. Unaelea kwenye majimaji. Kichwa kikisimamishwa ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, ubongo unaendelea kusogea, unajivuta na kujipinda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na unaweza kutokea bila mfupa kupasuka, bila damu, na mara nyingi bila mtu kuzimia.

Fikiria abiria aliyesimama kwenye basi. Dereva akikanyaga breki ghafla, abiria anarushwa mbele hata kama basi halijagonga kitu. Ukilizungushia basi hilo godoro kwa nje, abiria bado ataanguka.

Ndiyo maana watafiti wa Marekani walipowafuatilia wachezaji wa soka wa sekondari zaidi ya 2,700, wengine wakivaa kinga za kichwa na wengine wakicheza bila kuvaa, hawakuona tofauti ya maana kwenye idadi ya waliopata mtikisiko wa ubongo. Kwa kupiga mpira kichwa faida ni ndogo pia, kwa sababu mpira wenyewe tayari unabonyea kuliko ile sponji. Kinga inasaidia zaidi kichwa kinapokutana na kitu kigumu: kichwa kingine, goti, mlingoti wa goli.

Hata Wamarekani, ambao mpira wao huchezwa na kofia ngumu kabisa, hawajaepuka tatizo hili. Kofia zile huzuia fuvu kuvunjika, lakini mitikisiko iliendelea, hadi mwaka 2022 ligi ya NFL ikawalazimisha wachezaji wa baadhi ya nafasi kuvaa kava la sponji juu ya kofia mazoezini kabla ya msimu. Tangu 2024 wachezaji wanaruhusiwa kulivaa hata kwenye mechi.

Sheria za soka hazikatazi kinga hizi. Sharti ni kwamba ziwe laini, nyepesi na zisizoweza kumuumiza mwingine.

Hatari ni kuendelea kucheza

Fainali ya Kombe la Dunia 2014, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa na bega la mpinzani. Aliendelea kucheza. Dakika chache baadaye alimfuata mwamuzi Nicola Rizzoli na kumuuliza kama ile ndiyo fainali. Mwamuzi alidhani ni utani. Kramer alitolewa dakika ya 31, na hadi leo sehemu ya mechi ile haimo kabisa kwenye kumbukumbu zake.

Jan Vertonghen naye, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Tottenham na Ajax Aprili 2019, alipimwa, akaruhusiwa kurudi, na baada ya muda mfupi akaanza kutapika, miguu ikamwisha nguvu. Baadaye alikuja kusema kwamba kizunguzungu na maumivu ya kichwa vilimsumbua kwa miezi tisa, na alikuwa akicheza hivyohivyo.

Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena unaweza kuvimba vibaya, na kwa vijana hilo limewahi kuua. Kwa hiyo swali la kofia, ukweli usemwe, ni dogo kuliko swali la nani anaamua mchezaji atoke.

Kwa miaka mingi kocha alikuwa na mtego. Amtoe mtu atumie nafasi ya mabadiliko, au asubiri aone kama "atakaa sawa"? Wiki chache baada ya ajali ya Jimenez, bodi ya sheria za soka, IFAB, iliruhusu majaribio ya mabadiliko ya ziada kwa mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Ligi Kuu ya England ilianza kuyatumia Februari 2021, na tangu Julai 2024 yameingia kwenye sheria. Timu inapata mabadiliko hayo mara moja kwa mechi, aliyetoka harudi, na wapinzani nao wanapewa nafasi moja ya ziada ili asiwepo wa kulalamika. Lakini kila shindano linaamua lenyewe kama litayatumia.

Raga imekwenda mbali zaidi. Mchezaji anatolewa kwa dakika 12, anapimwa chumbani kwa utulivu huku mwenzake akishika nafasi yake kwa muda. Chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kinataka soka lifanye vivyo hivyo. IFAB imekuwa ikikataa. Ni vigumu kuelewa kwa nini, maana dakika tatu pembeni ya mstari, mashabiki wakipiga kelele, si mahali pa kupima ubongo.

Na mipira ya kichwa?

Huu ni mjadala wake peke yake. Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walilinganisha rekodi za wanasoka wa zamani wa Scotland wapatao 7,700 na za wananchi wa kawaida 23,000. Wanasoka walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya ubongo kama kupoteza kumbukumbu. Utafiti uliofuata ulionyesha mabeki ndio walioathirika zaidi, ilhali makipa, ambao mpira wanaucheza kwa mikono, hawakutofautiana sana na watu wa mtaani. Tangu 2021 chama cha soka cha England kinashauri vichwa vya nguvu visizidi kumi kwa wiki mazoezini.

Mwenzako akigongwa uwanjani

Mtoe hata kama anasema yuko fiti. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kuona ukungu, kuuliza jambo lilelile mara mbili, kusahau matokeo: dalili moja inatosha, na siku hiyo asirudi. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, akisinzia isivyo kawaida, mkono au mguu ukilegea, au maumivu yakizidi, apelekwe hospitali mara moja.

Asiachwe peke yake saa za mwanzo. Asiendeshe pikipiki wala gari, na asinywe pombe. Kwa siku mbili za kwanza apumzike bila kulala kitandani kutwa, matembezi mepesi yanaruhusiwa. Simu nayo apunguze, maana kukodolea skrini siku hizo huchelewesha kupona. Marudio ya mechi atayaona wiki ijayo.