Swali la zilipendwa lililonikwamisha Endiinzi

Na Mwandishi Maalumu, Endiinzi

UKIFIKA Endiinzi, wilayani Isingiro, jioni ya siku ya gulio, utasikia Kiswahili cha kila namna. Kuna cha wafanyabiashara wanaovuka Mto Kagera kutoka Murongo, upande wa Tanzania. Kuna cha Wakongomani na Warundi wanaotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuja kuuza vitenge, sabuni na samaki. Na kuna chetu sisi tuliorudi, ambao wenyeji hututambua mara tu tunapofungua kinywa kuuliza bei ya mkungu wa matoke.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa. Makala haya yanahusu chemsha bongo niliyoiandaa Julai 2024, kuelekea Siku ya Kiswahili Duniani inayoadhimishwa tarehe 7 ya mwezi huo, na swali moja ambalo nililitunga vibaya. Nalieleza kosa langu hadharani kwa sababu naamini wengi wanaoishi mipakani wamewahi kuulizwa swali kama hilo, ingawa si katika mashindano.

Betri za kuanika juani

Wazazi wangu walivuka kwenda Karagwe mwaka 1977, enzi za utawala wa Idi Amin. Amin alipong’olewa mwaka 1979, migomba yao ilikuwa imeshashika, na habari za mapigano zilizoendelea kutoka nyumbani hazikuwapa moyo wa kurudi. Mimi nilizaliwa huko mwaka 1981, nikasoma huko hadi chuo cha ualimu.

Nyumbani tulikuwa na redio moja. Betri zikiisha nguvu tulizianika juani, zikatupa nusu saa nyingine ya Radio Tanzania Dar es Salaam. RTD ndiyo iliyorekodi sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Tanzania, kwa hiyo mtoto wa kijijini aliweza kuzijua bendi za mjini hata kama hajawahi kuliona jukwaa. Kaka yangu alikuwa akiziba spika kwa kiganja baada ya gitaa kulia kidogo, kisha anauliza: “Nani hao?” Aliyekosea alikwenda kuchota maji. Hiyo ndiyo chemsha bongo yangu ya kwanza.

Redio ikizimika kabisa, mama alianza: “Kitendawili!” Nasi tukaitika: “Tega!” Msomaji anafahamu kwamba anayeshindwa huombwa mji. Sisi watoto tulitoa Mbarara kila siku, mji ambao hatukuwa tumeuona. Baba hakupenda. Alisema, “Toeni Mwanza, toeni Bukoba. Mbarara iacheni, tutaihitaji.”

Tulirudi mwaka 2013, wakati maelfu ya watu wenye asili ya nchi jirani walipotakiwa kuondoka mkoani Kagera. Vyeti vyangu vilikaa muda mrefu katika ofisi moja vikisubiri kuhakikiwa. Lakini nyimbo, mafumbo na vitabu nilivyovijua havikuhitaji mhuri wa mtu. Ndiyo maana michezo hii naithamini kuliko wanavyodhani wenzangu wanaoiita ya kupotezea muda.

Meza tatu

Kuandaa mashindano ya Kiswahili katika eneo hili si kazi nyepesi. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wazee wengi kikabaki kuwa lugha ya askari kwenye vizuizi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ukakifanya somo la lazima katika madarasa ya chini. Hata hivyo, sheria haiondoi hofu ya mzazi. Niliona afadhali waje wasikie nyimbo kwanza.

Tuliweka meza tatu. Ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wangu wanne. Ya pili ya wafanyabiashara, wawili wa Murongo na wawili wa hapa. Ya tatu ya wageni kutoka Nakivale, wakiongozwa na mzee mmoja wa Kivu aliyekuwa mwalimu kwao. Zawadi ilikuwa dazeni mbili za madaftari na redio ndogo.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya zilipendwa. Nilipiga sekunde kumi za wimbo kwenye simu iliyounganishwa na spika. Mama mmoja anayeuza maharage alimtambua Mbaraka Mwinshehe kwa gitaa tu, kabla hajaimba. Nikamuuliza mwaka aliofariki dunia. Akasema Januari 1979, kwa ajali ya gari huko Mombasa. “Nakumbuka,” akaongeza, “maana mwezi uliofuata askari wa Tanzania waliingia Mbarara.” Karatasi yangu ya majibu ilikuwa na mwaka tu. Yeye alikuwa na mwaka pamoja na vita.

Swali la Remmy Ongala lilizua kicheko. Wanafunzi walisema ni Mtanzania, meza ya Nakivale ikasema ni Mkongomani. Niliuliza alizaliwa wapi, basi pointi ikaenda Nakivale, kwani alizaliwa Kindu mwaka 1947, ingawa jina alilipatia Dar es Salaam na huko ndiko alikofariki mwaka 2010.

Raundi ya pili ilikuwa ya maneno. Nilitaka maana za neno “paa”. Wanafunzi walitoa tatu: paa la nyumba, mnyama, na kupaa angani. Mfanyabiashara wa samaki akaongeza ya nne, kupaa samaki magamba, akaondoka na pointi. Kisha nikauliza jina la mboga ya majani ya muhogo. Karatasi ilisema “kisamvu”. Meza ya Nakivale ikajibu “sombe”. Nikawanyima pointi. Bibi mmoja Mnyarwanda aliyekuwa akitazama akasema kwao ni “isombe”, na hata hapo sikustuka.

Raundi ya tatu ilikuwa ya vitabu. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, wajumbe wangapi walitumwa nje kutafuta maarifa? Binti wa kidato cha pili akajibu sita, na akataja walikokwenda: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Nikauliza walipokelewaje waliporudi. Kabla hajajibu, mzee wa Kivu alisema kwa sauti ya chini, “Walifungwa.” Ni kweli. Walirudi na maarifa wakapewa kifungo. Haikuwa zamu yake, nami nikamwonya.

Wimbo wa Lawino wa Okot p’Bitek uliwaponza wanafunzi. Walisema uliandikwa kwanza kwa Kiingereza kwa kuwa toleo la Kiingereza ndilo lililotoka mwaka 1966. Mrundi mmoja akasahihisha: mwandishi aliutunga kwa Kiacholi.

“Taja nchi moja”

Tulipofika mwisho, wanafunzi na Nakivale walikuwa sare. Likabaki swali moja. Nilipiga wimbo wa Orchestra Virunga, nikauliza: “Bendi hii ni ya nchi gani?”

Mzee wa Kivu ndiye aliyeanza. Alisema, “Mwalimu, hiyo haina nchi moja. Samba Mapangala amezaliwa Matadi, Kongo. Alipitia hapa Uganda, Kampala, na kikundi chake cha Les Kinois. Mwaka 1977 wakaenda Nairobi. Virunga ikaundwa huko mwaka 1981. Na jina lenyewe ni la milima yetu, ambayo Kongo, Rwanda na Uganda zinagawana.”

“Mzee,” nikasema, “taja nchi moja.”

Alinitazama, akanyamaza. Muda ukaisha. Wanafunzi wakajibu “Kenya”, kama karatasi ilivyosema. Ukumbi ukashangilia, madaftari yakachukuliwa.

Usiku ule usingizi haukuja. Mzee alikuwa amenipa kila kitu nilichokijua juu ya bendi ile, na zaidi. Nami nilimkata kwa maneno yaleyale niliyoambiwa mwaka 2013, nikiwa na fomu yenye kisanduku kimoja mkononi. Nilizaliwa huku, wazazi ni wa kule, shule nimesoma huku. Yule kijana mwenye kalamu hakuwa mkali. Alisema tu, “Mwalimu, taja nchi moja.”

Makosa ni ya nani?

Jumatatu niliwaeleza wanafunzi, nikapendekeza tuwagawie Nakivale nusu ya madaftari. Binti wa kidato cha pili akanyoosha mkono. “Mwalimu, sisi tulijibu kama ulivyouliza. Makosa ni yako, si yetu.” Alisema kweli. Nao pia wanahitaji madaftari, na wapo wanaoandika masomo mawili katika daftari moja. Nilinunua dazeni moja kwa fedha zangu, nikapanda boda boda.

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea Wanyarwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo ina watu zaidi ya laki moja: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Nilimkuta mzee karibu na Base Camp, chini ya turubai, akiwa na watoto kama ishirini. Kila jioni huwafundisha kusoma. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuja Endiinzi kwa ajili ya redio. Alikuja kutafuta madaftari.

Nilimwomba radhi mbele ya watoto. Akasema, “Umechelewa, Mwalimu, lakini umefika. Kaa.” Kisha akamwita mtoto mmoja wa miaka tisa hivi.

“Kitendawili!” mtoto akasema.

“Tega.”

“Nikivuka mpaka nabadili jina, lakini chungu ni kilekile.”

Nikafikiri fedha. Sivyo. Nikasema mto. Sivyo. Watoto wakapiga kelele: “Toa mji!”

Wenzao walikuwa wametoa Goma, Uvira, Bujumbura na Mogadishu, miji ambayo wengi wao hawajaiona. Ulimi wangu ulitaka kusema Mbarara, kwa mazoea. Nikamkumbuka baba. Nikasema, “Nenda Kayanga,” mji wa Karagwe nilikokulia.

“Hiyo haiko Uganda!” mmoja akalalamika.

“Pokeeni,” mzee akasema. “Ametoa wa kwake.”

Mtoto akaupokea mji, akaenda, akarudi na jibu: “Sombe!” Watoto wakacheka kwa kuwa walijua. Mzee alikitunga kitendawili kile akiwa njiani kurudi kutoka kwenye mashindano yangu.

Kanuni tulizozibadili

Tangu wakati huo tunaendelea na chemsha bongo, na wanafunzi wenyewe ndio waliorekebisha kanuni. Nazitoa hapa kwa walimu, wenye vibanda vya redio na wafanyabiashara wanaotaka kuchangamsha gulio.

Kwanza, swali lisiulize “ni wa nchi gani”. Liulize mahali na mwaka: alizaliwa wapi, bendi iliundwa wapi, wimbo ulirekodiwa na nani. Chukua Malaika. Ukiuliza “ni wa nani” utagombanisha watu hadi usiku, kwani Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukavuma, naye Adam Salim wa Tanzania akadai ndiye aliyeutunga. Ukiuliza nani aliurekodi, jibu lipo.

Pili, neno la mahali pengine lipewe pointi ikiwa aliyelitoa anaweza kusema linatumika wapi na kwa maana gani. Mkenya akisema “bibi” huenda anamtaja mkewe, na Mkongomani pia, wakati Mtanzania anamtaja mama wa mama yake. Mfanyabiashara asiyejua tofauti hizi ataharibu biashara kwa salamu tu.

Tatu, jibu lililo pana kuliko karatasi lisikilizwe mpaka mwisho. Msimamizi aruhusiwe kusema, “Hapa nilikosea,” palepale, kabla zawadi hazijatolewa.

Katika mashindano yaliyofuata meza ya Nakivale ilishindwa kwa pointi tano, bila malalamiko. Mzee hakuzijua bendi za vijana. Binti wa kidato cha pili ndiye aliyetunga swali la mwisho, na aliandika majibu matatu, yote yakiwa sahihi.