qPCR au RNA-seq: Fedha ya Utafiti Iende Wapi?

Mtafiti anayetaka kujua jeni fulani inafanya kazi kwa kiasi gani ndani ya seli hupima RNA inayotoka kwenye jeni hiyo. Njia za kupima ni kadhaa, na kila muuzaji husifia yake. Kabla ya kuuliza bei, jua unapima jeni ngapi, katika sampuli ngapi.

Jeni chache: qPCR

RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha mashine huizidisha na kuhesabu mizunguko hadi mwanga uonekane. Sampuli inayotangulia kwa mzunguko mmoja ina takriban maradufu ya RNA hiyo. Maabara nyingi za Afrika Mashariki zina mashine hizi, hasa baada ya UVIKO-19, kwa hiyo mzigo mkubwa hubaki kwenye vitendanishi.

Tupige hesabu. Una sampuli 12, jeni 5 unazochunguza na 2 za kulinganishia, vishimo 3 vya kisahani kwa kila kipimo: jumla vishimo 252. Ongeza 21 visivyo na sampuli, vya kukagua uchafuzi, unafika 273. Visahani 3 vya vishimo 96 vinatosha.

Kwenye rangi inayotoa mwanga huo, SYBR Green ni nafuu, ila hung'aa kwenye DNA yoyote yenye nyuzi mbili, hata usiyoitaka. Lazima ukague joto la kuyeyuka la kilichozalishwa. TaqMan hutumia probu maalumu, hivyo haichanganyi kirahisi, lakini kila jeni mpya inadai probu yake.

Jeni nyingi: mikroarei au RNA-seq

Mikroarei, iliyoelezwa na watafiti wa Stanford mwaka 1995, hupima maelfu ya jeni kwa mpigo, lakini zile tu zilizowekwa kwenye chipu. Leo inafaa zaidi kwa anayeendeleza data ya zamani ya aina hiyo.

RNA-seq haitegemei chipu: husoma mfuatano wa RNA iliyomo kwenye sampuli, hata ile ambayo hukuitarajia. Kwa kulinganisha jeni za binadamu, vipande vilivyosomwa milioni 20 hadi 30 kwa sampuli kwa kawaida vinatosha. Ipo pia aina nafuu inayosoma ncha moja tu ya kila RNA: inahesabu vizuri, lakini haionyeshi matoleo mbalimbali ya jeni moja.

Ukiwa na jeni 50 kwa sampuli zilezile 12, qPCR itakula visahani zaidi ya 20. Hapo omba bei ya RNA-seq.

Gharama zisizo kwenye profoma

RNA huharibika upesi. Weka kwenye bajeti friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, umeme wa uhakika, barafu kavu ya kusafirishia, upimaji wa ubora wa RNA na malipo ya mchambuzi wa data. Huyo wa mwisho husahaulika mno, na bila yeye mafaili ya RNA-seq hayana faida.

Uamuzi

Jeni zisizozidi kumi na unazijua: chukua qPCR. Hujui jeni ipi inahusika: chukua RNA-seq, kisha thibitisha chache kwa qPCR kwenye sampuli mpya. Kwa njia yoyote, usipunguze idadi ya wagonjwa wanaotoa sampuli ili ununue teknolojia ya gharama. Vishimo vitatu vya mgonjwa mmoja bado ni mgonjwa mmoja, na hakuna mashine inayoweza kuziba pengo la wagonjwa wachache.