Homoni ya Ukuaji na Mishipa ya Damu: Kitendawili cha Uswidi na Brazil

Mwaka 1990 madaktari wawili wa Gothenburg, Uswidi, Thord Rosén na Bengt-Åke Bengtsson, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyowashtua wenzao. Walikuwa wamepitia majalada ya wagonjwa 333 waliogunduliwa kati ya 1956 na 1987 kuwa tezi zao za pituitari zimedhoofika. Wagonjwa hao walipewa dawa za kufidia homoni nyingine zilizopungua, lakini homoni ya ukuaji hawakupewa, kwa kuwa wakati huo iliaminika kwamba mtu akishamaliza kurefuka haihitaji tena. Kwa umri na jinsia zao vilitarajiwa vifo 57, vilitokea 104. Vilivyosababishwa na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu vilikuwa 60, karibu maradufu ya vilivyotarajiwa.

Hukumu ilionekana nyepesi: homoni ya ukuaji ikikosekana, mishipa huharibika. Lakini huko Itabaianinha, mji mdogo wa jimbo la Sergipe, kaskazini mashariki mwa Brazil, wametambuliwa watu zaidi ya 100 wa ukoo mmoja waliozaliwa na kasoro ya kijeni inayoifanya tezi yao isitoe homoni hiyo ila kiasi kidogo mno. Wengi wao ukubwani hawazidi sentimita 135. Daktari Manuel Aguiar-Oliveira na wenzake wamewafuatilia kwa miaka mingi. Matumbo yao yana mafuta, lehemu yao katika damu iko juu, na wengi hawajatibiwa hata siku moja. Pamoja na hayo, ateri zao hazionyeshi kuzeeka kabla ya wakati, na wanaishi miaka kama majirani zao.

Upungufu ni ule ule, lakini mishipa haifanani. Kwa nini?

Tuanze na tezi yenyewe. Pituitari ina ukubwa wa punje ya njegere, nayo imejificha chini ya ubongo, nyuma ya pua. Homoni ya ukuaji inayotoka humo hufanya kazi zake nyingi kupitia ini, ambalo likiipokea hutengeneza mjumbe mwingine aitwaye IGF-1. Kwa mtoto, wajumbe hawa wawili hurefusha mifupa. Kwa mtu mzima wana kazi nyingine: kupunguza mafuta ya tumboni, kujenga misuli, na kuhudumia mishipa ya damu.

Kila mshipa wa damu una utando wa ndani, mwembamba kuliko hata ule unaobaki ndani ya ganda la yai. Utando huo hutoa gesi ya nitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa upanuke damu inapohitajika kwa wingi. IGF-1 ikiwa ya kiasi huusaidia utando kutoa gesi hiyo. Ndiyo maana wenye upungufu wa homoni waliotokea ukubwani mara nyingi wana mishipa migumu, isiyopanuka upesi. Juu ya hapo, mafuta huwajaa tumboni na lehemu mbaya hupanda.

Upande wa pili ni wale ambao homoni imewazidi. Karibu kila mara chanzo ni uvimbe katika pituitari, usio wa saratani. Ukianza utotoni, mtoto hurefuka kupita kiasi. Ukianza baada ya mifupa kufunga, matokeo yake ni akromegali, ugonjwa uliopewa jina na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886. Unakuja taratibu mno. Pete ya ndoa inabana hadi inavuliwa kwa sabuni, viatu vya namba 42 vinakuwa vya 44, taya inajitokeza, meno yanaachana, jasho haliishi. Wanaomwona mgonjwa kila siku hawatambui mabadiliko, na miaka mitano hadi kumi hupita kabla ugonjwa haujajulikana.

Miaka hiyo yote mishipa inafanya kazi chini ya mzigo. Homoni ikizidi, figo hushikilia chumvi, chumvi huvuta maji, na damu inayozunguka huongezeka ujazo. Homoni hiyo pia hupingana na insulini, hivyo sukari hupanda na wengi huishia kwenye kisukari. Ulimi na nyama za koo hunenepa, mgonjwa hukoroma na kukatika pumzi usingizini, na kila pumzi inapokatika presha hupaa. Takriban theluthi moja ya wenye akromegali wana shinikizo la juu la damu. Moyo nao hunenepa kuta zake ukishindana na mzigo huo.

Madhara ya namna hii hupimwaje? Kipimo kimoja hufanyika shingoni. Mgonjwa hulala chali na kugeuza kichwa pembeni, mtaalamu humpaka jeli na kupitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya ateri inayopeleka damu kichwani. Kwenye skrini ukuta wa ateri huonekana kama mistari miwili iliyolala sambamba. Umbali kati yake, ambao kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya milimita moja, ndio unene wa tabaka za ndani za ukuta. Ukiongezeka, ni dalili kwamba mshipa umeanza kuchakaa miaka mingi kabla ya kiharusi. Mtaalamu hutafuta pia vibonge vya mafuta vilivyojishika ukutani.

Watafiti walipowapima hivyo wenye akromegali, mara nyingi walikuta kuta zimenenepa. Vibonge vya mafuta, hata hivyo, havikuwa vingi kama ilivyohofiwa, na mara nyingi vilifuata presha, sukari na lehemu ya mgonjwa kuliko kiwango cha homoni peke yake. Hapa ndipo kitendawili cha Uswidi na Brazil kinapoanza kufumbuka.

Wagonjwa wa Gothenburg hawakupungukiwa na homoni moja tu. Wengi wa aina yao hufikia hali hiyo baada ya uvimbe, upasuaji au mionzi iliyoelekezwa kichwani, na mionzi hiyo hudhuru ateri za ubongo. Homoni zao nyingine pia zilikuwa pungufu, na dawa za kuzifidia, hasa za jamii ya kotizoli, enzi hizo zilitolewa kwa dozi kubwa kuliko zinazotumika leo. Kotizoli ikizidi hupandisha presha na sukari. Watu wa Itabaianinha wamepungukiwa na homoni moja tu, tangu tumboni mwa mama. Miili yao ilijengeka bila hiyo homoni, na insulini yao inafanya kazi vizuri kuliko ya wengi wetu.

Ushahidi ulio mzito zaidi ulitoka kwenye jaribio la hapo hapo Itabaianinha. Baadhi ya watu wazima walipewa sindano za homoni ya ukuaji kwa miezi sita. Mafuta ya damu yalitengemaa, kama ilivyotarajiwa. Lakini kuta za ateri za shingo zilinenepa, na unene huo ulichukua miaka kurudi ulipokuwa baada ya sindano kusimamishwa. Kwa mtu aliyeipoteza homoni ukubwani, tiba ile ile, kwa dozi ndogo inayoongozwa na kipimo cha IGF-1, hupunguza mafuta ya tumboni na lehemu mbaya, na tafiti kadhaa zimeona kuta za ateri zikipungua unene.

Kwa hiyo kiwango cha homoni peke yake hakitoshi kutabiri hali ya mishipa. Kinachoiumiza zaidi ni msafara unaofuatana nacho: presha, sukari, mafuta, kukatika pumzi usiku, mionzi, na dozi zisizolingana na mwili. Anayejichoma homoni hii kwenye jimu ili atune misuli naye anaukaribisha msafara huo huo.

Jambo hili lina uzito Afrika Mashariki kuliko linavyodhaniwa. Mwaka 1937 daktari Mwingereza Harold Sheehan alieleza jinsi mwanamke anayetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua anavyoweza kupoteza pituitari. Tezi hiyo hukua wakati wa ujauzito, na damu ikipungua ghafla sehemu yake hufa. Mama anapona, lakini maziwa hayatoki, hedhi hairudi, uchovu haumwachi, na homoni ya ukuaji ni miongoni mwa zinazopotea mapema. Katika nchi zetu, ambako kutokwa na damu baada ya kujifungua bado ni chanzo kikuu cha vifo vya uzazi, walio hai wenye tatizo hili hawakosekani. Wengi huambiwa ni uchovu wa malezi.

Vipimo vya matatizo haya ya tezi, yaani picha ya MRI na kipimo cha IGF-1, hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kwa gharama isiyo ya kila mtu, na matibabu ya akromegali, iwe upasuaji kupitia puani au sindano za kila mwezi, ni ya ngazi hiyo hiyo. Homoni ikirudishwa katika kiwango chake, umri wa kuishi wa mgonjwa hukaribia wa watu wengine, kwa hiyo rufaa haipaswi kucheleweshwa. Ila presha haishuki yenyewe kwa kila aliyetibiwa, wala kisukari hakiondoki kila mara. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji na yule anayesubiri foleni wanahitaji kitu kile kile kila wanapohudhuria kliniki: wapimwe presha, sukari na mafuta ya damu, waulizwe wanalalaje, na kilichozidi kitibiwe bila kusubiri majibu ya homoni. Sehemu kubwa ya ulinzi wa mishipa yao inaweza kuanzia kwenye zahanati ya karibu.